Majirani Wema wa Mnazi na Mchikichi

Ukimwuliza mtu wa pwani jina la mti wenye shina moja lisilo na matawi, na kichwa cha makuti juu, hatakujibu mara moja. Atakuuliza wewe, "Mti upi?" Kwake yeye mnazi ni mti mwingine na mtende ni mti mwingine. Mnazi humpa nazi na tui, mtende humpa tende, mchikichi humpa mawese, mkindu humpa ukindu wa mikeka, mkoma humpa miyaa ya kusukia vikapu, na mpopoo humpa popoo za kutafuna pamoja na tambuu. Kila mti ana kazi yake na jina lake. Lakini wataalamu wa mimea wanatuambia kwamba miti hiyo yote ni ndugu wa ukoo mmoja, na ukoo huo ni mkubwa sana: aina zake zilizokwisha hesabiwa duniani ni zaidi ya 2,500. Bara letu la Afrika lilipewa fungu dogo, maana aina za asili za bara hazifiki 70, hali kisiwa cha Madagascar peke yake kina karibu 200.

Sisi tukaao mbali na pwani, katika nchi za maziwa, tunaipanda miti hiyo zaidi kwa ajili ya sura yake. Pita mbele ya shule, kanisa, msikiti au ofisi ya serikali, nawe utaona safu mbili zimesimama kama askari wa gwaride. Mara nyingi si miti ya kwetu. Ni ile yenye shina jeupe, nene, laini kama nguzo ya saruji, ambayo asili yake ni Cuba na nchi za jirani, na jina lake la kitaalamu ni Roystonea, kwa heshima ya jenerali mmoja wa Marekani aliyeitwa Roy Stone. Juu ni uzuri mtupu. Lakini tazama chini! Utaona udongo mwekundu uliofagiwa kila asubuhi mpaka ukawa mgumu kama sakafu, au majani yaliyofyekwa kwa fyekeo mpaka shinani. Mvua ikinyesha maji hukimbia na udongo, mizizi hubaki wazi, na mti huanza kuinama.

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Watu wa Uingereza, ambao baridi yao huiua mimea ya namna hii, walijenga pale Kew, karibu na London, nyumba nzima ya chuma na vioo kwa ajili ya ukoo huu wa mnazi. Kazi ilianza mwaka 1844 ikamalizika 1848, na mpaka leo nyumba hiyo hutiwa joto ili miti iishi. Na wako wenye bustani huko Ulaya ambao kila mwaka huivika migomba yao nguo ya majani makavu isife kwa theluji. Wanafanya hivyo wapate bustani yenye sura ya nchi za joto. Sisi tunayo joto bure, tunayo mvua bure, tunayo miti tayari, na chini yake tumeweka ufagio.

Makala haya yanataka kuwaeleza wasomaji, wanafunzi na wale waliokwisha maliza, namna ya kuichagulia miti hiyo majirani wema. Si jambo la urembo tu. Mkiendelea mbele mtaona kwamba jirani mwema huulinda mti usife, na jirani mbaya aweza kumdhuru hata mtu.

TABIA YA MTI WENYEWE

Mtu hawezi kumchagulia rafiki yake jirani asipoijua tabia ya rafiki huyo. Basi na tuzitazame tabia nne za ukoo wa mnazi.

Kwanza, mti huu una moyo mmoja. Mwembe ukikatwa kilele utachipua matawi mengine, lakini mnazi ukikatwa kilele umekufa, kwa sababu chipukizi lake la pekee liko pale juu kati ya makuti. Iko miti ya ukoo huu iotayo kwa vichaka, kama mkindu, ambayo shina moja likifa mengine huishi. Lakini kila shina peke yake lina moyo mmoja tu. Kwa sababu hiyo mmea wowote upandao na kufunika kichwa ni adui.

Pili, shina lake haliponi kidonda. Mwembe au mvule una ganda, na chini ya ganda iko ngozi hai iongezayo unene kila mwaka na kufunika jeraha. Mnazi hauna ngozi hiyo. Ukiupiga fyekeo leo, alama ile utaiona mpaka siku ya kufa kwake, na katika tundu hilo huingia ukungu na wadudu. Ndiyo sababu miti mingi ya shule hufa bila ya kujulikana ugonjwa wake. Ugonjwa wake ni sisi, siku za kufyeka. Hali kadhalika kuupigilia mti msumari ili kutundika kibao kisemacho "Usikanyage majani" ni kuulinda unyasi kwa kuuchoma mti.

Tatu, mizizi yake ni mingi, membamba, na yote hutoka chini ya shina kama nyuzi za ufagio. Hauna mzizi mkuu mmoja uendao chini kama wa mwembe. Mizizi mingi huenea karibu na uso wa ardhi ikitafuta chakula. Kwa hiyo, mmea wowote wa kuchimbwachimbwa kila msimu haufai kukaa karibu na shina. Tena si vizuri kulundika udongo mpya juu ya shina, maana shina lililozikwa huweza kuoza.

Nne, majani yake ya zamani ni ghala lake. Mti ukikosa chakula fulani katika udongo, huchukua kilichomo katika majani ya chini na kukipeleka katika majani machanga. Ndipo utaona majani ya chini yanageuka manjano. Watu wengi, hasa siku za sherehe, huagiza yakatwe ili mti upendeze, mpaka ukabaki na makuti matatu yaliyosimama wima kama ufagio. Kufanya hivyo ni kumnyang'anya mwenye njaa akiba yake. Kata jani lililokwisha kauka kabisa. Lile la manjano liache. Majivu ya kuni kutoka jikoni, yakitawanywa kidogo kidogo juu ya udongo, huurudishia mti baadhi ya chakula hicho.

Ukizifahamu tabia hizo nne utaona mara moja faida ya majirani. Mimea ikiuzunguka mti kwa pete, mwenye fyekeo hatafika shinani. Udongo ukifunikwa, mvua hautauchukua na jua halitaukausha. Majani yaangukayo yataoza palepale na kuwa mbolea.

KUCHAGUA MAJIRANI

Uchaguzi una maswali manne: kivuli, maji, sura na kimo.

Tuanze na kivuli. Mti mchanga, na miti ya vichaka kama mkindu, huangusha kivuli kizito karibu na ardhi. Lakini Roystonea au mnazi uliokwisha kuwa mrefu huliacha jua lipite, na chini yake huwa kama uwanja wazi. Katika kivuli panda mimea iliyozaliwa msituni. Kangaga ni wa kwanza. Umeona jinsi anavyoota mwenyewe juu ya shina la mchikichi, katika mabaki ya makuti yaliyokatwa? Hapo yumo nyumbani kwake. Wa pili ni mkonge mwitu, ule wenye majani yaliyosimama kama panga, ambao asili yake ni Afrika. Huvumilia kivuli, ukame, na hata mwanafunzi aliyesahau zamu yake. Wa tatu ni isale, mmea ambao Wachagga wa Kilimanjaro huupanda katika mipaka ya vihamba, na ambao mwenye kuomba msamaha huchukua jani lake kwa yule aliyemkosea. Mmea uliokwisha patanisha watu bila shaka utapatana na mnazi. Katika jua, panda maua ya kana (yale yenye majani mapana kama mgomba mdogo na mbegu nyeusi ngumu kama risasi), krotoni za rangi rangi, haibiskasi, na mchaichai.

Swali la pili ni maji. Katika ukoo huu wako wapendao tope na wako wapendao ukame. Mwale na mkindu huota katika mabonde na kando ya mito. Panda karibu nao magimbi, kana na mafunjo. Mvumo huota katika mbuga zenye jua kali. Majirani wake na wawe mishubiri na mkonge mwitu. Mnazi hupenda joto la pwani, na huku juu kwenye futi 4,000 hukua polepole na kuzaa kwa shida. Ukitaka kuupanda kwa uzuri, usiupande kwa tamaa ya nazi. Kosa kubwa la bustani nyingi ni kuchanganya mmea wa tope na mmea wa ukame katika shimo moja. Ukimwagilia, mmoja huoza. Ukiacha, mwingine hukauka.

Swali la tatu ni sura. Majani ya ukoo wa mnazi ni ya namna mbili. Yako yaliyopasuka kama unyoya wa ndege, kama ya mnazi na mchikichi, na yako yaliyokunjuka kama kipepeo cha mkononi, kama ya mvumo na mkoma. Kanuni ni hii: weka kisichofanana karibu na kisichofanana. Chini ya majani ya unyoya panda majani mapana yasiyopasuka: magimbi, kana, au yale maua ya Amerika yaitwayo helikonia ambayo ukiyaona kwa mbali utadhani ni migomba. Chini ya majani ya kipepeo panda majani membamba na laini: kangaga au mchaichai. Ukipanda unyoya chini ya unyoya, jicho halioni kitu ila vurugu.

Tena kumbukeni kwamba bustani ya sura ya nchi za joto hutegemea majani kuliko maua. Ua huchanua majuma machache likanyauka, lakini jani lipo mwaka mzima. Mtu apandaye maua matupu atakuwa na bustani nzuri mwezi wa tano na jangwa mwezi wa kwanza.

Swali la nne ni kimo. Msitu haukujengwa kwa ghorofa moja. Kuna miti mirefu juu, vichaka katikati, na mimea itambaayo chini. Bustani na ifuate mfano huo. Juu tunayo miti yetu. Katikati, kwa kimo cha mtu, weka isale, krotoni au helikonia. Chini weka kangaga, mananasi, au viazi vitamu. Msicheke mkisikia viazi vitamu, kwa maana hufunika ardhi upesi kuliko mmea wowote wa dukani, na matembele yake ni mboga. Lakini karibu na shina vunjeni matembele tu, msichimbe viazi. Vilevile tangawizi na manjano ni mimea mizuri ya kivuli, ila huchimbwa. Vipandwe kwenye pete ya nje.

Mwisho wa uchaguzi, usipande mmea mmoja mmoja wa kila aina kama mtu apangaye bidhaa dukani. Chagua aina chache, nne au tano, na kila aina ipandwe kwa kundi la mitano au saba. Anayetaka kuona mfano, na aende Entebbe. Bustani ya mimea iliyo pale kando ya ziwa ilianzishwa mwaka 1898, na mlinzi wake wa kwanza alikuwa Bwana Alexander Whyte. Nchi jirani nazo zinazo mifano yao: Eala, karibu na Mbandaka katika Kongo, bustani ilifunguliwa mwaka 1900, na Amani, katika milima ya Usambara, Wadachi walianza yao mwaka 1902. Nenda na daftari. Usiandike majina ya mimea tu, bali andika kila mmea umesimama karibu na nani, katika jua au kivuli.

MAJIRANI WABAYA

Si kila mmea wenye sura nzuri ni wa kukaribishwa. Wako wabaya wa namna nne.

Namna ya kwanza ni wenye sumu. Mbarika wenye majani mekundu hupendeza sana, lakini mbegu zake zina sumu iwezayo kumwua mtoto. Ua liitwalo oleanda, lile jekundu na ndugu yake wa manjano, huharibu mapigo ya moyo. Ule mmea wa sebuleni wenye majani mapana yenye madoa meupe, uitwao difenbakia, ukitafunwa huuvimbisha ulimi hata mtu asiweze kusema wala kupumua vizuri. Shule yenye watoto wadogo karibu, au nyumba za walimu wenye watoto, isipande mimea hiyo. Hata magimbi yetu mabichi huwasha kinywa, waambieni wadogo.

Namna ya pili ni watoro, yaani mimea isiyokaa ilipopandwa. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Gugumaji, lenye ua zuri la zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini, nalo lilipelekwa katika nchi nyingine kama pambo la vidimbwi vya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana katika Ziwa Viktoria. Katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba, wavuvi wakashindwa kutoa mitumbwi, na meli zikapata shida kufika gatini. Mwaka 1995 Uganda ilianza kuachilia fukusi wadogo walao mmea huo tu, na pamoja na juhudi nyingine likapungua, lakini halijaisha. Msiba wote huo chanzo chake kilikuwa ua la bustani. Lantana nayo ililetwa kwa uzuri wake, na leo imemeza malisho katika wilaya nyingi. Basi, mmea ukitoa mbegu nyingi ziliwazo na ndege, au ukiota penye kipande chochote kilichotupwa, fikiri mara mbili. Na takataka za bustani zisitupwe mtoni.

Namna ya tatu ni wapandaji. Bogonvilia ni nzuri juu ya ua, si juu ya mnazi. Mbaya kuliko wote ni miti ya jamii ya mkuyu ambayo mbegu zake huletwa na ndege na kuota katika makwapa ya makuti ya mchikichi. Huanza kama mche mdogo wa kuchekesha. Kisha huteremsha mizizi mpaka chini, huuzunguka mti uliowakaribisha, na mwishowe mwenyeji hufa na mgeni husimama mahali pake. Mche huo ung'olewe siku ile ile uonekanapo.

Namna ya nne ni mimea iwekayo maji, na hapa nataka msomaji asikilize sana. Mwaka 1936 ilifunguliwa Entebbe taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Katika miaka ya 1940 wataalamu wake walifanya kazi Bwamba, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori karibu na mpaka wa Kongo. Walijua kwamba ugonjwa huo huishi msituni katika kima, lakini swali lilikuwa: unatokaje huko juu mitini ukaingia kwa wakulima? Wakaona kwamba mbu mmoja, ambaye jina lake wakati ule lilikuwa Aedes simpsoni na siku hizi huitwa Aedes bromeliae, huzaa katika maji kidogo yakaayo kwenye makwapa ya majani ya migomba, magimbi na mananasi. Kima huja shambani kuiba ndizi, mbu huwauma, na kesho mbu wale wale humwuma mwenye shamba. Fumbo likafumbuliwa katika kwapa la jani la mgomba!

Je, tusipande tena migomba? Hapana. Nchi yetu bila ya migomba si nchi yetu. Lakini tusiipande, wala magimbi na mananasi, chini ya madirisha ya mabweni. Karibu na mabweni tuweke krotoni, kangaga na mchaichai, mimea isiyoshika maji. Migomba ikae mbali, upande wa bonde. Makopo na vifuu vya nazi visiachwe bustanini, kwa sababu navyo hushika maji. Na kila mtu apate chanjo ya homa ya manjano, ambayo haitegemei bustani ya mtu.

Liko neno moja juu ya mimea isiyo na hatia, ambayo adui wake ni sisi. Katika bonde la mto Mpanga, karibu na Ziwa George, kuna mmea ufananao na mnazi mfupi, wenye majani magumu yenye miiba. Si ukoo wa mnazi hata kidogo. Ni wa ukoo wa kale sana uzaao mbegu katika koni. Wataalamu waliupa jina mwaka 1995, Encephalartos whitelockii, na haujulikani kuota porini mahali pengine duniani. Wenye bustani huutamani sana. Mtu akikuletea mche wake uliong'olewa porini, kataa. Bustani nzuri haijengwi kwa kuliibia pori.

MPANGO WA KUPANDA

Sasa tuje kwenye jembe. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji majira na utaratibu.

Katika nchi za kandokando ya ziwa tuna mvua mara mbili, ile ya mwezi wa tatu mpaka wa tano, na ile ya mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja. Shule ipande mwezi wa tatu. Sababu yake ni likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Mwezi wa kumi na mbili wanafunzi huondoka, jua huwaka, na mmea uliopandwa mwezi wa kumi na moja hauna mtu wa kuunywesha. Lakini uliopandwa mwezi wa tatu umekwisha pata mvua mbili, na mizizi yake imefika chini.

Pima hivi. Kutoka shina la mti mpaka futi 2, usipande kitu. Mahali hapo weka matandazo ya majani makavu, lakini yasiguse shina. Kutoka futi 2 mpaka 4, panda mimea mifupi: kangaga na mkonge mwitu. Kutoka futi 4 mpaka 7, panda ya kimo cha mtu. Nje ya hapo ndipo pa mimea ya kuchimbwa na unyasi. Mashimo yawe madogo, yafanywe kwa kijiti au panga fupi, ukikutana na mzizi mnene wa mti usogee pembeni. Mboji ichanganywe na udongo wa shimo, lakini lundo lenyewe la mbolea lisiwekwe karibu na minazi, kwa sababu yule mdudu mkubwa mweusi mwenye pembe, atoboaye moyo wa mnazi, huzaa katika malundo ya samadi na magogo yaozayo. Pia acheni njia wazi ya hatua moja kati ya bustani na ukuta wa nyumba, kusudi nyoka asije akaupata mlango kwa urahisi. Na mabenchi ya kusomea yasiwekwe chini ya Roystonea: kuti lake kavu ni zito, nalo haliombi ruhusa kabla ya kuanguka.

Miche itoke wapi? Itoke nyumbani. Krotoni, haibiskasi na isale huota kwa vipande vya shina. Kana hugawanywa kwa mizizi yake minene. Mkonge mwitu huota hata kwa kipande cha jani. Ila ule wenye ukingo wa manjano, ukitaka rangi yake isipotee, ugawe kwa mizizi, maana ukiupanda kwa jani watoto wake hutoka kijani kitupu. Chipukizi za migomba peke yake ziwe na mashaka: tangu mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa bakteria umeharibu mashamba mengi Uganda, nao husafiri katika chipukizi na katika makali ya panga. Usilete chipukizi kutoka shamba usilolijua, na panga lipitishwe motoni kabla ya kukata mgomba wa pili.

Haya basi. Ninyi mliomaliza, mjapo siku ya wazee wa shule, kila mmoja na aje na mche mmoja uliofungwa kwa jani la mgomba lililokauka, si kwa mfuko wa plastiki utakaobaki ukitapakaa. Na ninyi mlioko madarasani, mgawane miti: kila darasa mti wake, kila zamu pete yake, na fyekeo lisivuke mpaka wa pete. Mti wa ukoo huu huishi miaka mingi kuliko wanafunzi wanavyokaa shuleni. Ule mnaoupita leo mkienda darasani ulipandwa na mikono msiyoijua, na mikono hiyo haikupata kivuli chake. Haki yao ndogo ni kwamba tusiuue kwa fyekeo.